Kulala hemani ukingoni mwa Rufiji kwa bajeti ya kawaida: mwongozo kamili

Rufiji inajulikana kwa mchele, kwa mafuriko na, siku hizi, kwa bwawa la umeme la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Wachache huifikiria kama mahali pa kwenda kulala siku mbili tatu na familia. Ukitaja safari ya mbugani, akili ya mtu hukimbilia Serengeti, dola, na magari yenye paa la kufunguka. Kumbe ukipanda basi Mbagala, Dar es Salaam, alfajiri, jioni hiyohiyo unaweza kuwa umekaa mbele ya hema Mloka, miguu juu ya kiti, viboko wakikoroma mtoni.

Mloka iko kata ya Mwaseni, wilaya ya Rufiji, jirani kabisa na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2019, pale sehemu ya kaskazini ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous ilipopandishwa hadhi. Kambi za mahema zimejipanga ukingoni mwa mto, nyingine ndani ya hifadhi, nyingine nje kwenye ardhi ya kijiji. Za ndani zina bei zake. Za nje ndizo za mtu wa kipato cha kawaida, na mwongozo huu ni wa hizo. Msimamo wangu niuseme mapema: bana pesa kwenye kitanda, usibane kwenye boti wala kwa mwongozaji. Hema la bei nafuu na hema la bei mbaya yanasikia kiboko yuleyule.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua kambi

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndio wakati mzuri. Majani yamekauka na kufupika, vidimbwi vya porini vimekwisha, kwa hiyo wanyama wanalazimika kuja mtoni na kwenye maziwa. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kidogo, na mbu ni wachache kuliko miezi ya mvua. Septemba na Oktoba joto linapanda sana, lakini ndipo utakapoona makundi makubwa majini.

Vuli ya Novemba na Desemba siyo mbaya kwa mwenye bajeti ndogo, maana kambi huwa na nafasi na unaweza kuzungumza bei. Januari na Februari ni miezi ya wapenda ndege na kijani kibichi.

Machi hadi Mei, usiende. Barabara ya vumbi kutoka Kibiti hugeuka tope, kambi nyingi hufunga, na mto wenyewe haueleweki. Aprili 2024 maji yalifunika vijiji na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, watu wakahamishwa. Mtu akikupigia bei ya kutupa kwa mwezi wa nne, jiulize kwanza utafikaje.

Hatua ya 2: Piga simu, uliza kwa mpangilio

Kambi za nje ya lango zina aina tatu za malazi. Kuna hema lako mwenyewe unalolisimika kwenye uwanja wao, ukalipia nafasi, choo na bafu la pamoja. Kuna hema dogo la kambi lenye godoro, ambalo nalo hutumia bafu la pamoja. Na kuna hema la kudumu: turubai nzito juu ya jukwaa la mbao au saruji, paa la makuti juu yake, vitanda vya kweli, na choo na bafu kwa nyuma. Kwa familia yenye watoto wadogo nashauri hili la tatu, kwa sababu moja tu: usiku hakuna anayelazimika kutoka nje kwenda chooni.

Usiishie kwenye picha za mtandaoni. Piga simu, na uanze na jambo linalobadilisha bei yote:

“Habari za kazi kaka. Naomba bei ya mkazi, kwa shilingi. Watu wazima wawili na mtoto wa miaka minne, usiku wa Ijumaa na Jumamosi.”

“Karibu sana dada. Unataka kulala tu au na chakula?”

Hapo sasa ndipo pa kutulia. “Na chakula” inaweza kuwa milo mitatu, inaweza kuwa chai ya asubuhi tu. Uliza milo mingapi, maji ya kunywa yamo au yanauzwa, na kama mnaruhusiwa kuja na chakula chenu. Kisha nenda kwenye boti, maana hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Bei ni ya kila mtu au ya boti nzima? Ni saa ngapi majini? Na boti inakaa nje ya hifadhi au inapanda hadi ndani? Sehemu ya mto iliyo jirani na kijiji iko nje ya mpaka, kwa hiyo hulipi kiingilio. Ikivuka mpaka, kila aliyemo anatakiwa awe amelipiwa. Mwenye kambi hatakuficha, ila usipouliza hatakumbuka kukwambia.

Uliza pia kuhusu gari la kuzungukia hifadhini: ni la nusu siku au siku nzima, mafuta yamo, chakula cha mchana cha kubeba kimo, mwongozaji ni nani. Gari hukodishwa kama gari, mkae wawili mkae sita. Hii ndiyo sababu safari ya marafiki wanne au watano hushuka bei kuliko ya wapenzi wawili. Kama mko wawili, mwombe meneja akuunganishe na wageni wengine wa kambi. Mara nyingi inawezekana, hasa wikiendi.

Swali la mwisho ni dogo lakini lina maana: “Hema langu linatazama mto, na kiangazi maji yanakuwa mbali kiasi gani?” Rufiji hutandaza mchanga mwingi maji yakipungua, na kambi inayojiita ya mtoni inaweza kuwa na uwanja mpana wa mchanga kati ya kibaraza na maji. Siyo kasoro, tembo hupita hukohuko, lakini ujue unalipia nini.

Ukituma malipo ya awali, tuma kwenye namba ya malipo yenye jina la kampuni, siyo ya mtu binafsi, na udai risiti. Omba wakuandikie kwa ujumbe kila kilichomo kwenye bei. Ujumbe huo utakusaidia siku ya kufunga hesabu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya hifadhi peke yake

Bei ya kambi ni ya kambi. Hifadhi ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ina malipo yake: kiingilio cha kila mtu na ada ya gari. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni wa nje. Lakini lazima uonyeshe kitambulisho, iwe cha NIDA au pasi. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana bei yao ndogo. Ndugu yako aliyekuja likizo kutoka Muscat au London akiwa na pasi ya huko atahesabiwa kama mgeni, hata kama kazaliwa Temeke. Mwambie mapema, asije akanuna getini.

Bei za viingilio hutangazwa mara nyingi bila VAT, kwa hiyo ongeza kodi hiyo kwenye karatasi yako. Na getini hawapokei pesa taslimu. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki. Kambi nyingi zitakutengenezea namba hiyo jioni ya kabla, na ni vizuri kulipa usiku huohuo, kwa sababu asubuhi mtandao ukigoma mtakaa langoni huku wanyama wakiingia vichakani kukwepa jua.

Mpango ninaouona una faida kuliko yote kwa siku mbili ni huu: siku ya kufika, boti ya jioni nje ya hifadhi, bila kiingilio. Siku inayofuata, gari siku nzima ndani, kwa kiingilio kimoja. Ukigawanya nusu siku leo na nusu siku kesho, unalipia kiingilio mara mbili kwa saa zilezile.

Hatua ya 4: Mizigo

Nguo za rangi ya udongo, kijani kilichofifia au kijivu. Acha nyeusi na bluu iliyokolea, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo, na ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Mbung'o huuma juu ya shati na dawa ya mbu haimsumbui sana, hivyo kitambaa kizito na mikono mirefu ndiyo kinga yako.

Malaria ipo Rufiji mwaka mzima. Beba dawa ya kupaka, soksi za jioni, na kwa anayetoka nchi isiyo na malaria, aonane na daktari kabla ya safari apate dawa za kuzuia. Beba dawa zako za kila siku za kutosha na za ziada. Hospitali ya wilaya iko Utete, siyo karibu.

Vingine: tochi yenye betri mpya kwa kila mtu, pawabenki, kofia, viatu vya kufunika vidole, darubini hata ya kuazima, na noti ndogo ndogo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, funga vitu kwenye kitambaa au mabegi. Spika ya muziki iache nyumbani. Sijui nani aliwaambia watu kwamba porini kunahitaji singeli.

Hatua ya 5: Njia

Kwa basi, unaanzia Mbagala Rangi Tatu. Mabasi ya Mloka huondoka asubuhi mapema, kwa hiyo ulizia na ukate tiketi siku moja kabla. Lami inakupeleka Mkuranga hadi Kibiti. Hapo unaiacha barabara ya Lindi na kuingia vumbi, zaidi ya kilomita 100 kupitia Mkongo. Kipande hicho ndicho kinachokula muda. Nunua maji na chakula Kibiti. Ukishaingia ndani utapata mihogo, samaki wa kukaanga na matunda ya msimu, si zaidi. Mwambie konda jina la kambi, wengi wanazijua, na mpigie meneja ukikaribia ili atume mtu kukupokea. Usitembee kwa miguu kutoka stendi kwenda kambini jua likizama, hata ukiambiwa ni hapo tu.

Kwa gari binafsi, jaza tangi Kibiti na kagua tairi la akiba. Gari dogo hufika kiangazi kama dereva ana subira, ila kwa kuingia hifadhini kodi gari la kambi, lenye nafasi ya juu na dereva anayezijua njia.

Njia ya pili ni ya Morogoro kupitia Kisaki hadi lango la Matambwe. Inapendeza, inazunguka milima ya Uluguru, lakini ni mbovu na inakutoa upande mwingine wa hifadhi. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni Kisaki. Kwa anayelala Mloka, hizi zote ni mzunguko.

Hatua ya 6: Saa ya kwanza kambini

Kabla hujafungua begi, sikiliza maelezo. Kambi inayojiheshimu itakueleza mipaka: wapi unaweza kutembea peke yako mchana, na kuanzia saa ngapi lazima usindikizwe. Wasipokueleza, uliza.

Kisha kagua hema. Vuta zipu zote juu hadi chini, kwenye mlango na madirisha. Iliyokatika meno uidai ibadilishwe au uhamishwe sasa, siyo saa nne usiku. Tazama chandarua kama kina matundu. Ulizia filimbi; kambi nyingi huweka filimbi ndani ya hema ya kumwitia mlinzi. Ulizia umeme: wengi wanatumia sola, taa zinawaka ila pasi na kikausha nywele sahau, na simu huenda mkachajia kwenye banda la chakula. Maji ya kuoga yakiwa yanapashwa na jua, oga saa kumi na moja jioni, maana ya asubuhi ni baridi.

Chakula chote, hata pipi za mtoto, kikae kwenye banda la kulia. Tumbili wa Rufiji wanajua kufungua zipu. Wanakaa juu ya mti wakiwatazama mnavyokunywa chai, na yule mdogo kuliko wote ndiye anayetumwa: anashuka nyuma ya kiti, mkono mmoja mezani, bakuli la sukari limeondoka, na wenzake wanampokea juu kabla hujaweka kikombe chini. Nyani ni habari nyingine. Huyo usimtishe wala usimnyang'anye kitu, mwite mfanyakazi.

Hatua ya 7: Usiku

Hili ndilo watu huliogopa, na woga kidogo unafaa. Kiboko hutoka majini giza likiingia, hupanda ukingo na kuchunga majani hadi karibu na alfajiri. Anapita njia zilezile kila siku, na kambi imejengwa kati ya njia hizo. Hana haja na wewe. Hatari inakuja ukimkatia njia: ukisimama kati yake na maji, atakimbilia majini kwa kupitia ulipo, na mbio zake zinamshinda mtu. Kwa hiyo kanuni ni moja, baada ya giza hutoki hemani bila mlinzi. Kutoka kwenye chakula unasindikizwa. Ukihitaji kitu usiku, mulika tochi kupitia dirishani au piga filimbi, kisha subiri.

Ukiwa ndani umefunga zipu, lala. Mnyama huliona hema kama kitu kimoja kikubwa kisicho na harufu ya chakula, hupita pembeni. Utasikia kiboko aking'oa majani karibu na kichwa chako, kwa mdundo wa taratibu, kisha pumzi nzito. Utasikia komba akilia juu ya mti kama mtoto mchanga. Mwambie mwanao mapema asije akakuamsha. Fisi atasikika kwa mbali. Simba akinguruma, sauti husafiri kilomita kadhaa, siyo lazima awe jirani. Usimulike macho ya mnyama kwa muda mrefu na usifungue zipu kupiga picha.

Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge.

Na mchana, mto ni wa kutazama. Hata wavuvi wa hapo, waliozaliwa na mto huo, huheshimu mamba. Usioshe mikono ukingoni, usimwache mtoto acheze na mchanga karibu na maji, hata maji yakiwa ya magotini.

Hatua ya 8: Boti

Toka saa kumi jioni au saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa za katikati jua linachoma na wanyama wamejificha. Vaa jaketi la kuokolea, na likikosekana boti isiondoke. Kaa katikati, usisimame kupiga picha bila kumwambia nahodha, usitumbukize mkono.

Nahodha mzuri utamtambua kwa jinsi anavyokaribia viboko. Hupunguza mwendo mbali, huzunguka upande wa kina kifupi, huwaachia wao maji ya kina ambako ndiko wanakokimbilia, na hapigi honi wala kuwafukuza ili wapanue midomo. Akianza kuwachokoza, mwambie kwa upole: “Kaka, hapa panatutosha.” Ni haki yako.

Mwombe apite polepole kwenye kuta za mchanga. Keremkerem wametoboa matundu kwa mamia humo, wanaingia na kutoka na wadudu mdomoni, na ukizima injini unasikia kelele zao zote. Mamba wamelala chini ya ukuta huohuo midomo wazi, wanapooza mwili. Juu ya mivumo iliyokauka, ile miti mirefu jamii ya mnazi, tafuta tai mlasamaki mwenye kichwa cheupe. Wageni wengi wanataka simba tu, na wanarudi na malalamiko. Mimi naona saa mbili za boti Rufiji zinashinda mbuga nyingi kwa pesa hiyohiyo.

Hatua ya 9: Siku nzima hifadhini

Muwe Mtemere lango linapofunguliwa. Mwambie mwongozaji mnapenda nini, kisha mwache apange. Mzunguko wa kawaida hupita maziwa ya Nzerakera, Manze na Tagalala, ambayo yalichongwa na mto wenyewe ulipokuwa ukihama njia. Kando ya maziwa hayo utaona twiga kwa makundi, swala pala, kuro, nyati, tembo, na simba waliolala chini ya vichaka vya ukingoni. Hifadhi hii pia ni moja ya ngome kubwa za mbwamwitu Afrika, kwa hiyo dereva akipata habari zao kwenye redio, kubalini kuacha mengine.

Mkiwa na siku nzima, ombeni kufika chemchemi za Maji Moto karibu na Tagalala, na Beho Beho lilipo kaburi la Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa hapo Januari 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia na ambaye jina lake pori hili lilibeba kwa miongo mingi. Mwendo hifadhini hauzidi kilomita 50 kwa saa, kushuka garini ni sehemu zilizoruhusiwa tu, na droni bila kibali utanyang'anywa.

Hatua ya 10: Kufunga hesabu na kurudi

Dai bili jioni ya mwisho, siyo asubuhi. Ilinganishe na ule ujumbe mlioandikiana. Vinywaji ndivyo huongezeka bila mtu kujua. Bakshishi siyo lazima, lakini kwa mwongozaji, nahodha na mlinzi wa usiku ni desturi njema. Mpe kila mmoja mkononi, na kwa wapishi na wasafishaji kuna sanduku la pamoja. Ukitaka kuacha pesa kijijini zaidi, tembea Mloka na kijana wa hapo mchana, nunua ukili na mikeka kwa akina mama, kula samaki kwenye genge.

Mabasi ya kurudi Dar huondoka alfajiri, kukiwa bado giza. Mwombe meneja akuwekee kiti kwa konda siku moja kabla, na mkubaliane nani anakusindikiza hadi stendi na kwa gari gani, kwa sababu saa hiyo viboko bado hawajarudi majini.